Zainabu Ameacha Kuchora

Kibuli, Kampala

Mdogo wangu Juma,

Wewe una moyo gani? Tangu tumzike shemeji yako hujakanyaga hapa, na Kisumu si mwisho wa dunia. Au mkeo amekufunga kamba mguuni? Haya, nakusalimu hata hivyo. Mgongo unaendeleaje? Cherehani bado inakulisha? Mimi mwili mzima. Kilichonipata ni cha moyoni.

Mwalimu wa watoto wetu aliitwa ofisini asubuhi moja, akaacha koti kwenye kiti. Koti lipo, yeye hayupo. Nikaona watoto wanazurura, nikasema sijui a wala be, lakini macho ninayo. Nikawa nawapeleka bondeni kwenye mafunjo, Zainabu mjukuu wangu na wenzake watano. Tulichota mayai ya chura kwenye kopo, tukawa tunakwenda nalo na kurudi nalo. Kila siku walichora walichokiona, kwa mkaa, nyuma ya karatasi za kufungia karanga. Leo nukta, kesho mkia. Kijani tulikamua majani. Sheria yangu moja tu: tazama, halafu uliza.

Juzijuzi akatokea askari na bunduki. Akamnyang'anya Zainabu karatasi yenye maduara na nukta, akauliza ni ramani ya nini. Nikamwambia ramani ya chura. Alidhani namfanyia mzaha. Nikamsogezea kopo, nikamwambia achuchumae atazame mwenyewe. Kijana akachuchumaa. Viluwiluwi vilikuwa vimeota miguu ya nyuma. Akauliza polepole, kama mtoto wa mtu, mkia utaanguka lini. Zainabu akamcheka.

"Hauanguki, unaingia mwilini. Kwani wewe hukuwahi kuwa mtoto?"

Kesho yake alirudi kuona miguu ya mbele. Siku ya tatu alikuja tena, ila hakuchuchumaa. Alisema akitazama pembeni, "Mama, kesho usilete watoto hapa."

Sikuwaleta. Lakini uani kwetu bonde lote linaonekana. Asubuhi kalooli, wale korongo wenye upara wanaokula mizoga, walikuwa wamejaa juu ya mafunjo kama nguo zilizoanikwa. Zainabu akachukua mkaa wake.

"Jajja, bibi, wamefuata nini?"

Juma, mimi niliyemfundisha kuuliza, nilimpiga kofi. Nikampokonya mkaa, nikamgeuza uso ukutani. Sijawahi kumpiga mtoto yule. Tangu hapo hachori. Vyura wametoka koponi wakaruka uani, na yeye akaendelea kufagia.

Nisalimie huyo mkeo, na dada yetu mkubwa asiyesikia, mpigie kelele sikioni kwamba nampenda. Anayeniandikia ni binti wa jirani, na dereva anayekuletea ni mtu wetu. Ukishasoma, choma.

Ukija, na uje kabla ya mvua, usiniletee sukari, ingawa huku haipo. Njoo umchukue Zainabu. Mkalishe ziwani kwenu penye mafunjo, mpe mkaa, na lolote atakalouliza, mjibu.

Dada yako aliyekubeba mgongoni,
Mwanaisha