Shali ya Mama Kichwani kwa Oddvar

Tolga, Norwei,
16 Februari 2014.

Mpendwa mdogo wangu Turid,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Goti lako linaendeleaje tangu walipolipasua? Na shemeji Colin, amepunguza chumvi kama daktari alivyomwambia, au bado anakula kwa kujificha? Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Perth, mkilalamikia joto. Sisi hatujambo. Mgongo unaniuma nikiinama na nisipoinama, lakini kahawa bado inapita, na leo asubuhi zilikuwa nyuzi kumi na nane tu chini ya sifuri.

Picha za bustani yako tumezipata. Nimezibandika kwenye friji. Mwanangu Eivind alipita wiki iliyopita akaniuliza kama hayo ni malimau ya kweli.

Sasa nikueleze habari ya masikio ya shemeji yako Oddvar, maana ndiyo iliyonishughulisha majira yote haya ya baridi.

Unamjua mume wangu. Ndani ya nyumba hazungumzi. Anasoma gazeti, anatengeneza redio ambayo haijaharibika. Maneno yake yote humtoka njiani, tunapotembea hadi ziwani baada ya kifungua kinywa, kama tulivyofanya miaka arobaini na mitatu. Huko ndiko tulikokubaliana majina ya watoto, na huko ndiko tulikogombana vizuri. Na ni huko nilikomwambia, miaka mitatu iliyopita tulipokwisha kumzika mama, kwamba nikifa nataka nizikwe kwetu, kando yake, si kwenye safu ya makaburi ya ukoo wake. Akatikisa kichwa, "Naam, naam," akanionyesha nyayo za sungura kwenye theluji. Turid, niliumia. Sikulitaja tena, lakini kinyongo nilibaki nacho.

Oktoba ndipo alipopimwa masikio, ikaonekana hasikii hata nusu ya yanayosemwa. Akapewa mashine mbili ndogo za kuvaa nyuma ya masikio. Nikaanza kujiuliza: siku ile ya sungura, alisikia nini hasa? Nikaazimia kumwambia upya, tena njiani, kwa sababu mezani angenijibu kwa gazeti. Lakini baridi ikatuwahi.

Mashine zile hazipatani na kofia. Ukizifunika kwa sufu nzito zinapiga mbinja kama birika, na mwenyewe hata haisikii mbinja hiyo, naisikia mimi. Nikamvika kofia ya manyoya ya baba, ile yenye mabawa ya kufunga kidevuni: mbinja. Nikamfumia mkanda wa kichwani. Ukazibana mashine mpaka ngozi ikachubuka. Eivind akaleta vile viziba masikio vya dukani, vya duara na vyenye manyoya. Oddvar akajitazama kwenye kioo.

"Mnataka nikaongoze ndege uwanjani?" akauliza, akavirudisha mfukoni mwa Eivind.

Siku moja akatoka na kofia inayoishia juu ya masikio, kwa ubishi tu, na zilikuwa nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri. Ncha ya sikio la kushoto ikageuka nyeupe, na wiki nzima nikawa naipaka mafuta.

Basi akaamua kuziacha mashine mezani na kutembea na kofia ya baba. Tukawa tunatembea bila neno. Kisha akaleta ugomvi na Torleif, jirani yetu wa ng'ambo ya mto. Wewe mwenyewe unajua, dukani waweza kumpita mtu mwaka mzima bila kumsalimu na asijali, lakini kwenye njia ya msituni usipoitikia umemtukana. Torleif alimsalimu mara mbili, Oddvar akapita bila hata kugeuza shingo. Torleif akaacha kutuletea samaki. Nilikwenda kumweleza, naye akanijibu, "Dada, asiyesikia si anatazama? Huyu hata kutazama hakunitazama!"

Jumanne nilikuwa natafuta kitambaa cha meza kabatini, nikaikuta shali ya mama, ile ya kijivu aliyokuwa akivaa kwenda kukamua. Imechakaa hadi mkono unaonekana upande wa pili, lakini joto lake bado lipo. Nikamwekea Oddvar juu ya mashine zake, nikaifunga kidevuni bila kukaza. Hakuna mbinja. Nikasimama nyuma yake nikanong'ona, "Mzee, soksi zako zinanuka."

"Hizi? Nimezivaa jana tu!"

Nilitaka kumbusu. Lakini kutoka nayo nje hakutaka. "Mke wangu, hii ni ya kike. Hata ng'ombe watanicheka."

"Hatuna ng'ombe tangu mwaka themanini na tisa," nikamwambia. Akapachika kofia yake ndogo juu ya shali, tukatoka.

Mtu wa kwanza kukutana naye, Torleif. Nilitamani theluji inimeze.

"Habari za asubuhi, akina mama!" akapaza sauti.

"Nzuri, baba," Oddvar akaitikia papo hapo. "Samaki wetu umewala mwenyewe?"

Torleif alicheka mpaka akashika mti. Samaki wameletwa jana, wawili wanono.

Tulipofika ziwani nilimwambia, maneno yaleyale, nikiangalia barafu kwa sababu kumtazama usoni nilishindwa. Akasimama. Akaifungua shali, akaishusha shingoni, masikio yote nje kwenye baridi ile. "Rudia," akasema. "Nataka nisikie vizuri."

Nikarudia. Nilipomwambia kuwa ni mara ya pili, akakiri kwamba kwa miaka mingi alikuwa akiitikia "naam" kwa kila kitu, kwa aibu ya kuniuliza mara ya tatu. Nililia, machozi yakaganda kwenye kope. Nikamfunga shali kwa mikono yangu.

"Basi na mimi nizikwe hukohuko," akasema. "Kaka zangu nimelala nao kitanda kimoja utotoni, inatosha."

Nilifurahi hata nikashindwa kumwambia kwamba kando ya mama zimebaki nafasi mbili tu, moja yangu na moja yako. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Usijibu kwa kunionea huruma. Kama moyoni una nia ya kurudi kulala nyumbani, nafasi ni yako, na Oddvar nitamweleza. Siku hizi anasikia.

Msalimie sana Colin, na mwanao Maren na watoto wake. Oddvar na Eivind wanakusalimu. Mungu akuponye goti, akupe siku nyingi za kutembea.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Ragnfrid