Mwenye Nyumba Hapapasi Ukuta

Kwa Mama, chumba cha uani
Jumanne, 11 Machi

Mpendwa Dada,

Ulinifundisha mwenyewe kwamba barua isiyoanza na salamu ni tangazo. Basi shikamoo, Dada. Hujambo? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuinamia masufuria ya meli umepoa? Mama hajambo. Miguu inamvimba kidogo jioni, lakini sauti ni ile ile. Jana kamfokea muuza maziwa mpaka akaongeza kipimo. Mimi mzima wa mwili tu. Mikono inatetemeka, utaona kwenye maandishi.

Sasa nisikilize. Mkitia nanga, ofisini kwenu utakuta bahasha mbili zenye mwandiko wangu. Hii nimeiandika FUNGUA KWANZA kwa kalamu nyekundu. Ile nyingine, ya kaki, niliituma Alhamisi iliyopita, na ndani mna mkataba wa nyumba na fomu ya benki. Dada, usitie saini. Usitie hata herufi moja. Ukiirudisha ile fomu, jasho lako la miaka kumi na moja baharini linatoka siku hiyo hiyo, na halirudi.

Nilikimbia posta kuizuia, wakaniambia imeshaondoka. Simu yako nimeipiga mpaka yule mwanamke wa "haipatikani" tumekuwa ndugu. Ofisi yenu ya bandarini walipokea, ila lugha yao na yangu hazikukutana. Imebaki barua.

Unajua nilivyoikagua ile nyumba. Nilipanda darini nikafuata waya mmoja mmoja, nikapima kila soketi, nikafungua bomba zote kwa pamoja nione kama maji yanapungua nguvu. Niligonga kuta. Niliuliza mvua ikinyesha maji yanapita wapi. Kisha nikakuandikia juu ya mkataba, kwa mkono wangu huu, "Dada, nimeikagua yote, iko sawa, saini." Watu wanaonywa wasiuziwe mbuzi kwenye gunia. Mimi mbuzi nilimtoa kwenye gunia, nikamhesabu meno, nikamkagua kwato, nikasahau kuuliza ni mbuzi wa nani.

Muuzaji mimi namwita Mheshimiwa, kwa sababu viatu vyake havijui vumbi. Aliniambia kazaliwa katika nyumba ile, mama yake amefariki, naye ndiye mtoto pekee. Hati alinionyesha nakala. Halisi, alisema, ameiweka benki kwa usalama. Nikamwona mtu mwangalifu, nikamsifu hata kwa Mama.

Ijumaa nilirudi kule kupima chumba ambacho angelala Mama, nijue waya wa taa ya kando ya kitanda utatosha mita ngapi. Wingu likafunga, mvua ikashuka, ndani kukawa giza. Mheshimiwa akatangulia kuwasha taa. Akapapasa ukuta wa kushoto. Akapapasa wa kulia. Akarudi tena kushoto, huku anacheka, "Aa, taa za siku hizi bwana!" Swichi ya chumba kile, Dada, iko nyuma ya mlango, juu kuliko kawaida, aliyeiweka alikuwa ama mrefu ama mlevi. Mimi fundi umeme, siku ya kwanza niliitafuta dakika nzima. Lakini mtu aliyezaliwa mle? Swichi ya kwenu unaiwasha ukiwa na homa, unaiwasha kwa kiwiko ukiwa na ndoo mikono miwili. Nikaiwasha mimi. Nikatoa futi, nikapima waya.

Nikajipa moyo kwamba ni woga wangu tu. Unanijua, mimi ndiye niliyelia kwenye bembea iliyosimama. Ila Jumamosi sikuweza kukaa. Nikaenda kwa fundi cherehani ambaye mlango wake unatazamana na nyumba ile, nikajifanya nina suruali ya kupunguza. Katikati ya mazungumzo nikampa pole kwa kufiwa na jirani yake, yule mama wa nyumba ya mbele.

Akaacha kukanyaga cherehani. "Kafa lini?" akaniuliza. "Mbona Jumatano alikuwa hapa hapa nampima gauni? Tena kiuno kimeongezeka." Akanionyesha kitambaa kwenye rafu, na karatasi ya vipimo imebanwa kwa pini.

Dada, nilikaa kwenye kibenchi chake cha wateja. Niliwaza bahasha ya kaki inavyosafiri, na yale maneno yangu ndani yake.

Kumbe mwenye nyumba ni bibi mjane, anakaa kwa binti yake tangu alipopasuliwa macho. Mheshimiwa ni dalali tu, alipewa funguo amtafutie mpangaji. Jana asubuhi nikaenda ofisi ya ardhi, mahali ambapo ningepaswa kuanzia kabla sijagusa soketi hata moja. Karani akafungua jalada, akanisomea. Jina ni la yule bibi, hakuna mauzo, hakuna mirathi, hakuna chochote. Ilimchukua muda wa kunywa nusu kikombe cha chai. Miezi miwili nilihangaika na nyaya, na jibu lilikuwa kwenye kabati la karani.

Mchana bibi mwenyewe akaja kulijaribu gauni, nikampata. Sikujua nianzie wapi, nikamwomba tu anionyeshe nyumba. Funguo zake anazo. Alitembea taratibu akinishika mkono, macho bado hayaoni vizuri, madirisha yote yamefungwa. Alipoingia kile chumba aliuachia mkono wangu, akaupeleka wake juu, nyuma ya mlango, na taa ikawaka. Hakugeuza hata shingo. "Marehemu mume wangu alikuwa mrefu," akasema. "Swichi zote kaweka kwa kimo chake." Kisha akanitazama na yale macho yake yenye ukungu, akatabasamu. "Na wewe, baba, ndiye mpangaji wangu mpya?"

Nikamweleza yote hapo hapo, nimesimama. Kesho yeye na binti yake wanakwenda polisi, nami nitakuwa shahidi. Naogopa, Dada, siwezi kukuficha. Leo Mheshimiwa kaja dukani kwangu. Kanunua balbu moja, hakuuliza hata bei. Kaniuliza kama umeshapokea bahasha, nikamjibu bado. Akaizungusha ile balbu mkononi, akasema, "Naona siku hizi una urafiki na fundi cherehani." Akaondoka. Tangu hapo kila kivuli kikipita mlangoni nainua kichwa.

Na bado huyo simwogopi kama ninavyomwogopa Mama. Vyombo vyake amekwisha kuvifunga kwenye magazeti. Pipa la maji kamgawia jirani, eti kule kuna bomba ndani. Kila asubuhi ananiuliza kitanda kikae ukuta upi, na kila asubuhi namjibu, "Wa dirishani, Mama." Sijamwambia. Nasubiri kwanza nijue wewe umesalimika, nisimpe maumivu mawili kwa siku moja. Mwenye chumba chetu naye ameshapata mpangaji mwingine, ametupa mpaka mwisho wa mwezi. Hilo nitahangaika nalo mimi, usilibebe.

Siku tukitafuta nyumba nyingine, na tutatafuta, nitaanza kwa karani. Nitataka hati yenyewe, si kivuli chake. Nitauliza jirani wa kulia, wa kushoto na wa mbele, hata kama itabidi nipunguze suruali zote nilizo nazo. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kudhani kwamba waya mzima una mwenyewe mzima. Halafu, Dada, nitamwomba muuzaji aingie chumbani kwenye giza awashe taa.

Mama anakusalimu, anasema usile ukiwa umesimama. Shangazi anakusalimu, anaulizia ile kanga mliyoizungumzia. Fundi cherehani naye anakusalimu, ingawa hamjuani. Suruali yangu sasa haifiki kwenye kifundo cha mguu. Mungu akulinde na mawimbi, na akulinde na watu wa nchi kavu, maana mawimbi angalau hayavai viatu vya kung'aa.

Nimebakiwa na hofu moja, nayo ndiyo inayoninyima usingizi. Nakujua. Ukishuka melini umechoka, karatasi yenye mwandiko wangu huwa huisomi. Unatafuta tu mahali pa kuweka saini, kwa sababu mdogo wako ndiye kaandika. Leo usiniamini hivyo. Ule mwandiko ulionyooka vizuri ni wa mtu aliyekuwa hajui kitu. Uamini huu unaotetemeka.

Mdogo wako anayekupenda na kukuhofia,
Waya