Leo Tororo nitamlilia baba Baraka, na bado anapumua

Mwanangu Baraka amekufa tena sasa hivi. Amelala chali kwenye mkeka, akavuta leso yangu mpaka kichwani, akanyamaza. Baada ya muda akachungulia kuona kama ninalia. Sikulia. Akakasirika, akafa upya.

Miguu tu ndiyo imebaki nje. Kidole cha pili cha mguu wa kushoto kimepanda juu ya kidole gumba, kama kawaida yake. Nimekibusu.

Ni Jumamosi, shule zimefunga, niko Tororo nyuma ya uzio wa matete tulioujenga uwanjani. Mawingu yamekaa juu ya mwamba wa Tororo tangu asubuhi. Mvua, nakuomba, leo usinyeshe. Nyesha kesho unavyotaka, lakini leo niachie hii jioni.

Maana leo nina kazi na mtu.

Mchezo wetu ni ule wa zamani wa kuchekesha, ambao madamu wetu, mwalimu anayeongoza kikundi, anasema hata bibi yake aliucheza shuleni. Tajiri mmoja bahili anajifanya amekufa ili asikie nani atamlilia. Tunaucheza kwa Kiswahili, nje, bure kabisa, kila mtu anakuja na kiti chake au anakaa kwenye nyasi. Jana tulikuwa Busia. Leo ni hapa.

Mimi si mwigizaji. Shule niliachia la saba, nauza nyanya Busia sokoni. Madamu alinipata kwa sababu wanawake wote wa kikundi walikataa kumlilia tajiri. Huku kwetu humlilii mtu ambaye bado anapumua, unamwitia kifo. Madamu akazunguka soko akitafuta mwanamke wa kulia, watu wakacheka, wakamwambia nani atakubali laana hiyo?

Nikamuuliza, "Anayelala pale kama maiti ni nani?"

Akasema, "Ni Oketcho, wa Mukuju."

Nikasema, "Huyo nitamlilia bure."

Oketcho ndiye baba wa Baraka. Mtoto akiwa bado mchanga nilimpeleka Mukuju kwa bibi yake, apewe jina. Kwao mtoto anapewa jina la mtu wa ukoo aliyekwishatangulia, na Oketcho mwenyewe ndiye aliyeniambia, tulipokuwa bado tunapendana, kwamba akizaliwa wa kiume ataitwa Ofwono, jina la marehemu baba yake. Nilipofika alikuwa amesimama mlangoni. Akamwambia mama yake, "Huyo mtoto ni wa dereva wa lori. Wanawake wa Busia unawajua." Mama yake hakunipa hata kiti. Kulikuwa na baridi, Baraka alikuwa amevaa soksi. Hakuna aliyemvua.

Nilirudi na mtoto wangu mgongoni, na jina hatukupewa.

Basi jana, Busia. Oketcho amelala katikati ya uwanja, amefunikwa shuka jeupe, miguu iko nje kwa sababu shuka la madamu ni fupi. Mimi naingia na kilio. Na sheria ya kilio kila mtu huku anaijua: mwanamke akilia msiba anasema lolote lililo moyoni, na hakuna anayemkatiza. Hata mwenye boma ananyamaza.

Nikapiga magoti pale miguuni. Nikaanza na maneno ya madamu, halafu nikaweka yangu.

"Woi, tajiri wetu! Umekufa na kidole chako, hiki kilichompanda mwenzake mgongoni! Nani atakirithi? Kuna mtoto Busia sokoni anacho kama hiki hiki, lakini ulisema babake ni dereva wa lori. Woi! Dereva gani huyo anayegawa vidole vyako?"

Uwanja ulilipuka. Mama mmoja wa mbele akasimama na kiti chake. "Mfunueni tumwone!" Mwingine akasema, "Huyo maiti mbona anatoa jasho?" Na kweli shuka lilikuwa linatetemeka. Lakini hawezi kufufuka kabla mke wa tajiri hajaingia, na mke wa tajiri alikuwa pembeni amejishika mbavu kwa kicheko.

Sitadanganya. Nilisikia raha. Nilikaa pale miguuni pake nikasikia raha kama mtu aliyekunywa maji baada ya kutembea jua kali.

Madamu alinikumbatia. "Hayo ya kidole usiyatoe hata moja!" Oketcho alinifuata kwenye bomba nikinawa uso.

"Nabwire, umeniua kweli leo."

"Bado," nikamwambia. "Busia nimekuosha tu. Tororo ndiyo nitakuzika."

Akabadilika sauti. Akasema kuna kijana alirekodi, video imeshafika mpaka Mukuju, na mama yake amempigia simu sasa hivi kwamba kesho anakuja Tororo kuona mwenyewe. "Tafadhali, mambo ya kidole acha. Mama ana presha."

Wakati ule uliponirudisha na mtoto, presha ya mama yangu mimi uliiuliza?

Hilo sikumwambia. Nilifunga bomba, nikamwacha asilale.

Nimeshapanga. Nikifika kwenye maneno ya kidole leo, nitamwita Baraka aje. Nitamlaza kando ya baba yake chini ya shuka lile lile, miguu minne nje, na mama yake Oketcho akiwa pale mbele. Mtoto anajua kufa vizuri kuliko babake. Nani atazungumza habari ya lori tena?

Kitu kimoja tu kinanisumbua. Watu watacheka. Jana walimcheka Oketcho, ni haki yake. Lakini leo wataicheka miguu ya mtoto wangu. Na yeye bado mdogo, atafikiri anachekwa kwa uzuri. Je, akikua?

Ama nimwache na madamu, nilie peke yangu? Lakini bila miguu yake yule mama ataamini nini? Atasema ni mchezo tu. Naye Oketcho ataamka pale, atainama watu wampigie makofi, atarudi kwao kula.

Hapana. Nitamwita. Nitaanza na...

Ngoja, kuna mtu anaita nje ya uzio. Si madamu. Ni sauti ya mama mzee, anaita, "Mama Ofwono! Mama Ofwono, uko wapi?" Hapa hakuna mtu wa jina hilo. Hakuna mtu amewahi kuniita hivyo.

Hata kama ni mama yake Oketcho, jioni nitalia vile vile, nitamzika tu. Baraka ameshatupa leso, anakimbilia mlangoni bila viatu, naye yule mama ameinama anamtazama miguu, sasa anasema nije, nami naenda.