Picha ya Mwalimu Mkuu Kwenye Mkeka

Shoga, acha unachofanya usome. Wifi yangu leo nusura azimie mbele ya wazazi!

Si unajua darasa lake la chekechea lilipewa tableti? Aliwaambia watoto wapige picha ya kitu wanachokipenda shuleni. Leo kwenye kikao cha wazazi, watoto wamekaa mbele, akazionyesha ukutani kwa projekta bila kuzikagua.

Bembea. Makofi. Paka wa jikoni. Makofi.

Ya tatu: MWALIMU MKUU! Amelala kwenye mkeka wa watoto, mdomo wazi!! Yule yule anayesema tableti ni upuuzi mtupu, na yupo hapo hapo kikaoni.

Wifi anabonyeza, picha haiondoki. Mdomo wazi, ukuta mzima!

Mara akasimama mtoto ambaye tangu shule ifunguliwe hajawahi kutamka neno darasani. "Nilimfunika sweta yangu. Alikuwa anasikia baridi."

Umesikia? AMESEMA! Mama yake akaangua kilio.

Ndipo watu wakakiona: kisweta cha kijani kimemfika nusu ya tumbo.

Wifi anaomba radhi, mwalimu mkuu akamkatiza, anajifuta macho: "Usiitoe, mwalimu. Acha nitazame nilivyofunikwa."