Kipimo Ambacho si cha Viza

Kwa dada yangu mpenzi Zuhura,

Salamu nyingi za huku Maskati zikukute mzima, wewe na wanao. Goti la mama linaendeleaje? Barua hii nimempa Rehema, mwenzangu wa nyumba ya jirani, anayekuja Tanga likizo. Simu ya nyumbani mnaisikiliza ukumbi mzima, na haya ni ya masikio yako tu. Isome chumbani, umefunga mlango.

Dada, naogopa. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo.

Ijumaa iliyopita nilikuwa madukani Ruwi na Rehema, tunatafuta mafuta ya nywele. Kuna kina mama wa huku ambao wazee wao walitoka Unguja. Wamepata ruzuku ya kuwapima saratani ya titi wanawake wanaoachwa nyuma, hasa sisi Waafrika wa kazi za ndani. Walisimama mlangoni mwa kliniki wanatuita kwa Kiswahili. Rehema akanivuta mkono tukimbie. Huku mgeni akisikia kupimwa anakumbuka kipimo cha viza: ukikutwa na ugonjwa unapandishwa ndege. Basi wanawake wote walikuwa wanaupita mlango ule kwa mbali, kama kuna mbwa.

Mmoja wao, Bi Salma, akatufuata mpaka njiani.

"Nnajua mnaogopa, wanangu. Hichi si kipimo cha viza, wala hatumwambii kafili wa mtu, tajiri aliyemleta. Wenye nafasi zao wanapimwa mapema, wanapona. Nyinyi wenye ngozi kama yangu mnaletwa titi limeshaoza. Kwa nini?"

Unanijua, sikubali kushindwa kwa maneno. Nikamwambia langu halina kitu, na nitaingia nimwoneshe. Rehema akabaki nje anasoma dua. Niliingia kwa ubishi, dada, si kwa ushujaa.

Wakakuta uvimbe. Titi la kushoto, karibu na kwapa, mdogo tu, wala hauumi. Daktari akasema huenda si kitu, lakini nirudi Jumapili wanichome sindano, watoe kinyama kikapimwe. Ruzuku inalipa sindano hiyo. Nikauliza, na ikiwa ndiyo yenyewe? Bi Salma akanishika mkono.

"Matibabu hayamo, mwanangu. Tutahangaika pamoja, lakini siwezi kukudanganya."

Nilitamani angenidanganya.

Tangu siku hiyo mtoto wa madamu nambeba upande wa kulia tu. Nimemwambia madamu Jumapili nakwenda kung'oa jino. Akijua ukweli atanirudisha, na nikirudi sijui tutaishije. Kila nikioga mkono unakwenda wenyewe palepale, kisha nauondoa haraka kama nimeshika moto.

Kuna lililonitisha zaidi. Daktari aliuliza kama kwetu yupo aliyeugua titi, nikajibu hakuna. Nimeshapanda basi la kurudi Wattaya, kwa madamu, ndipo nikamkumbuka mama mkubwa, alivyolazwa chumba cha uani, udi unafukizwa kutwa, sisi watoto tumekatazwa kuingia. Tuliambiwa kapatwa na kijicho. Lakini kijicho hakinuki, dada. Muulize mama, usizungukezunguke: dada yake aliumwa nini?

Akikujibu ninachokihofia, basi si langu peke yangu. Ziwa tulilonyonya ni moja. Nenda hospitali ya wilaya ukapimwe, usingoje majibu yangu. Barua hii ikikufikia nitakuwa nimeshachomwa, au nimekimbia. Bi Salma ameniahidi kuja kunichukua mwenyewe, maana ameshaniona nilivyo.

Nisalimie mama, ila langu usimwambie bado. Nisalimie shemeji, na somo yangu, binti yako mkubwa, mwambie asome. Mjomba muuza samaki mpe salamu zake, ajue vibua vya huku havifiki vyake.

Dada, tangu utotoni mimi ndiye niliyekufuata wewe kila ulikokwenda, ukinifukuza narudi. Kwa hili, nakuomba, wewe usinifuate.

Mdogo wako,
Mwanaidi