Usiniambie Mimi ni Mzuri

Jumapili, 3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zangu zikufikie hapo wodi ya vijana. Mimi mzima, hofu yangu ni juu yako. Mama ameniarifu kwamba huvui barakoa hata usingizini, na kwamba unamtaka daktari akupasue taya "lililopinda". Taya lipi? Nani aliyekuhukumu, na kwa ushahidi gani? Nasema kwa sauti ileile ninayowahutubia wanachuo wenzangu: uso wako hauna kasoro. Wewe ni mzuri, na anayebisha na ajitokeze.

Kaka yako

*

Ijumaa, 15 Machi

Kaka Kipaza Sauti,

Shikamoo. Mwili haujambo. Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo ikachanika. Kila nilipofika "wewe ni mzuri" nilitulia kidogo, kisha nikakimbilia kioo kuhakikisha, kisha nikairudia barua. Daktari anasema ugonjwa huu wa kujiona umeumbuka hula sifa kama moto ulavyo kuni: ukiulisha leo, kesho unadai zaidi.

Jumamosi ya wiki ijayo nitakula chakula cha mchana ukumbini bila barakoa, mbele ya wote. Njoo. Lakini nikikuuliza taya langu likoje, nakusihi, usinijibu. Najua kukunyamazisha wewe ni kuziba mvua kwa ungo.

Mdogo wako

*

Jumapili, 24 Machi

Mdogo wangu,

Nimerudi chuoni salama. Nimehutubia uwanja uliofurika, nimesimama mbele ya virungu vya polisi, nikadhani naujua ujasiri. Jana nilikuona ukiilegeza kamba moja ya barakoa, kisha ya pili, ukashika kijiko mbele ya wote, na hukuinuka. Uliponiuliza, ukaniuliza tena, niliuma ulimi, nikaomba chumvi. Muuguzi akacheka: "Huyu ndiye mliyesema hanyamazi?"

Sina hotuba inayofikia nilichokiona. Nainamisha kichwa.

Kaka yako

*

Jumanne, 2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Sijapona, asubuhi bado naliona taya limepinda. Ila ulipoondoka siku ile, swali lilinikaa kooni: likoje? Sikwenda kwenye kioo. Sikumwuliza muuguzi. Nilikaa nalo kitandani kama mgeni asiyejua kuaga, nikilisubiri. Sikujua, Kaka, kwamba swali nalo huchoka. Liliinuka lenyewe, likaenda zake, na nje kulikuwa bado mchana.

Mdogo wako