Mume Wangu Ananiomba Mbinu za Kunifunga

Shikamoo Bi Shamsa,

Nakuandikia kutoka Magamba, nimefikwa na jambo ambalo siwezi kumwambia hata mama mchungaji maana atacheka. Mume wangu Paskali alivunjika mguu mwaka jana akikata miti msituni, akakaa nyumbani miezi minne hasemi neno, kazi yake simu tu, anacheka na simu, ananuna na simu, nikajua hapa kuna mwanamke, nikamvizia, kumbe ni mchezo wa mtandaoni wa kuendesha timu ya mpira wa kikapu, unasajili wachezaji, unapanga nani aanze na nani akae benchi, mechi inajicheza yenyewe unaletewa matokeo. Sikuridhika. Nikajiandikisha kwa siri kwenye ligi yake, nikajiita Mgoshi wa Soni, yaani mwanaume kwa Kishambaa chetu, ili nimnase huyo hawara, na hawara sikumpata, ila Bi Shamsa, kipaji nilikipata. Nimeshamfunga mume wangu mara tano.

Shida ni kwamba sasa anaongea. Kila jioni tukimenya viazi ananisimulia huyo Mgoshi alivyo mjanja. Jumamosi ni fainali, mimi na yeye, timu yake ni dhaifu kuliko yangu, basi amepanga kupumzisha nyota wake mechi ya Alhamisi, apunguze kasi ya mchezo, tena arushe mipira kutoka mbali kwa sababu mchezaji wangu mrefu habanduki chini ya kikapu. Juzi akaniuliza, "Mama Klara, ungekuwa wewe ndiye Mgoshi, ungejilindaje?"

Nikajikuta nimesema kweli. "Yule mrefu ningemwacha palepale."

"Ndiyo maana nilikuoa!" akasema, na maneno hayo sijayasikia tangu harusi.

Sasa nikibadilisha ulinzi nitakuwa nimemdanganya, nisipobadilisha nitafungwa, na ameapa akishindwa tena anaufuta mchezo, nami naogopa ule ukimya. Nimwachie?

Modesta

Modesta,

Marahaba. Pole kwa ukimya, miezi minne si mchezo. Kwa yaliyobaki sikupi pole. Ulikwenda kusaka hawara ukarudi na timu inayoongoza, halafu unanililia mimi?

Kumwachia usithubutu. Mtu aliyekaa akafikiri namna hiyo, akijua kabisa kwamba amezidiwa, anastahili mpinzani wa kweli. Siku akigundua ulimpa ushindi wa huruma, hutamwona tena mezani kwako akiwa na furaha. Na kukaa kimya huku unasikiliza siri za kambi yake, huo ni wizi, hata kama mwizi anamenya viazi.

Mwambie leo, kabla hajapanga kikosi cha Alhamisi. Usimtumie ujumbe. Mpe simu yako mkononi aione timu mwenyewe. Atanuna. Mwache anune, ila usimkimbie na usijitetee. Mwambie pia ulidhani ana mwanamke, hilo ndilo gumu, na ndilo analopaswa kulisikia kutoka kwako. Kisha kila mmoja afute mipango yake aanze upya, bila kumchungulia mwenzake.

Akitaka kuacha mchezo, aache. Muulize habari za siku yake, na usichoke akijibu kwa neno moja.

Asipoacha, Jumamosi kaeni meza moja, kila mtu na simu yake, umchape ukiweza. Atakayefungwa aoshe vyombo wiki nzima.

Bi Shamsa